Deni Lisilo na Mdai

Wahenga waliposema kwamba ahadi ni deni, walikuwa na watu wawili katika fikra zao: aliyeahidi na aliyeahidiwa. Wawili hao wanajuana. Siku ikifika na ahadi haijatimizwa, mdai hupiga hodi, na mdaiwa hulazimika ama kulipa ama kuinamisha uso. Lakini zipo ahadi za namna nyingine, ambazo mwenye kuahidi anajua tangu mwanzo kwamba siku ya kulipa yeye hatakuwapo, na anayeahidiwa ama bado hajazaliwa, ama ni mtoto anayejifunza kuhesabu. Ahadi kama hiyo ina uzito gani? Ni nani atakayeidai? Na aliye hai ana haki gani ya kuwafunga kwa neno lake watu ambao hakuwauliza?

Swali hili ni la zamani kama wasia na wakfu. Katika zama hizi, hata hivyo, limechukua sura mpya mahali ambapo mpenzi wa mashairi hangetazamia kulikuta: katika mipango ya muda mrefu ya maabara za taifa za fizikia. Maabara ya namna hii haiwezi kuishi kwa fikra za mwaka mmoja. Mtambo unaochorwa leo hujengwa kwa miaka kumi au kumi na mitano, hutumika kwa miaka ishirini mingine, na majibu yake huenda yakasomwa na watu ambao wazee wa mradi hawatawaona. Mfano ulio wazi kuliko mingi ni Maabara ya Fermi, iliyopo Batavia, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, magharibi ya mji wa Chicago.

Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1967 juu ya ekari 6,800 ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa mashamba, na mwaka 1974 ikapewa jina la Enrico Fermi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia. Kazi yake ni kuzikimbiza chembe ndogo mno za maada hadi zikaribie kasi ya mwanga, kuzigonganisha, na kuchungua kinachotokea, ili ijulikane vitu vyote vimeundwa na nini. Mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Wilson, alikuwa mwanafizikia na pia mchongaji wa sanamu. Mwezi wa Aprili 1969 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la nchi yake, na Seneta John Pastore akamwuliza iwapo mtambo ule ungesaidia kwa namna yoyote usalama wa taifa. Wilson alijibu kwamba hapana. Seneta alipomsukuma zaidi, alieleza kuwa kazi ile inahusu heshima ya wanadamu baina yao na mapenzi yao ya utamaduni. Kwamba inaingia katika hesabu moja na swali la iwapo taifa lina wachoraji wazuri, wachongaji wazuri na washairi wakubwa. Haihusiani moja kwa moja na kuilinda nchi, alisema, ila kuifanya istahili kulindwa.

Jibu hilo limenukuliwa mara nyingi kwa uzuri wake. Linastahili kutazamwa pia kwa gharama yake. Ulikuwa wakati wa vita baridi, na neno moja tu la silaha lingefungua hazina. Wilson mwenyewe alikuwa ameshiriki kutengeneza bomu la atomiki wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa hivyo alijua vyema fizikia inaweza kuuzwa kwa bei gani. Alichagua kuomba fedha kwa jina la kitu kile kile alichokusudia kukifanya. Hapo ndipo uadilifu wa mpango mrefu unapoanzia. Anayeomba kwa jina la jambo moja huku moyoni akikusudia jingine huwarithisha wanaomfuata kazi mbili: kazi yenyewe, na uongo wa kuulinda.

Mtambo mkubwa wa kwanza ulifikia nguvu iliyokusudiwa mwezi wa Machi 1972, kwa gharama iliyo chini ya ile iliyoidhinishwa. Ulikaa katika handaki la duara lenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 6. Ndani ya handaki hilo Wilson aliacha nafasi tupu, akitaraji kwamba ipo siku watu watajua kutengeneza sumaku zenye nguvu zaidi, na siku hiyo watahitaji mahali pa kuziweka. Yeye hakuuona mpango huo ukikamilika akiwa kazini. Mwaka 1978 alijiuzulu kwa kulalamikia uchache wa fedha, na Leon Lederman akashika nafasi yake. Sumaku mpya zikawekwa chini ya zile za zamani, ndani ya handaki lile lile, na mwaka 1983 mtambo wa pili, uliokuja kuitwa Tevatron, ukaanza kazi. Mwaka 1995 ndio uliowawezesha wanafizikia kuitambua kwaki iitwayo ya juu, chembe nzito ambayo ilikuwa imetabiriwa na kutafutwa kwa takriban miaka ishirini.

Nafasi ile tupu ni jambo dogo la ujenzi, lakini ndani yake mna jibu la nusu ya swali lililoulizwa mwanzo. Wilson hakuwaambia waliomfuata wagundue nini. Hakuwaandikia tarehe, wala hakuwaachia deni la fedha. Aliwaachia mahali. Wangetaka, wangepatumia, wasingetaka, wasingedaiwa kitu. Mtu anayepanda mwembe uzeeni hawalazimishi wajukuu wake kula embe. Anahakikisha tu kwamba wakitamani, mti upo. Namna hii ya kuahidi haimfungi mtu, na kwa sababu haimfungi, haimdhulumu.

Lakini haiwezekani kila mpango uwe nafasi tupu. Mambo mengine hayajengwi ila kwa neno thabiti na fedha nyingi tangu mwanzo, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Miaka ile ile ambapo Tevatron ilikuwa ikishika nguvu, taifa hilo hilo lilianza mpango mwingine mkubwa kuliko wote: mtambo wenye mzunguko wa kilomita 87, chini ya ardhi ya Waxahachie, Texas. Makisio ya gharama ya mwaka 1987 yalikuwa dola bilioni 4.4. Kufikia mwaka 1993 yalikuwa yamepita bilioni 10. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Bunge likauvunja mradi. Kiasi cha dola bilioni 2 kilikuwa kimekwishatumika, na zaidi ya kilomita 22 za handaki zilikuwa zimechimbwa. Handaki likaachwa, na maji yakaingia.

Ni rahisi kusema kwamba wabunge walivunja ahadi. Walakini Bunge la 1993 halikuwa Bunge la 1987. Kila Bunge huchaguliwa na walio hai kwa haja za walio hai, na kama la jana lingeweza kulifunga la leo moja kwa moja, basi kura ya leo ingekuwa mchezo wa watoto. Ni rahisi pia kusema kwamba wanasayansi walidanganya. Lakini nani awezaye kujua, kabla ya kuchimba, mwamba utagharimu kiasi gani, au sumaku ambayo haijawahi kutengenezwa itauzwa kwa bei gani? Kosa, kama lipo, limejificha katikati. Kishawishi cha kila mwenye kuomba ni kutaja bei itakayokubaliwa badala ya bei itakayolipwa. Na kishawishi cha kila mwenye kutoa ni kuikubali bei ndogo huku akijua itakua, kwa kuwa itakapokua, atakayeulizwa ni mwingine. Pande mbili hupeana mikono juu ya tarakimu ambayo hakuna anayeiamini, na hasara humwangukia mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Mtu huyo wa tatu ndiye mdai aliyekuwa akitafutwa. Waxahachie walikuwapo vijana waliohama na jamaa zao, waliokataa kazi nyingine, waliotumia miaka yao ya masomo kujiandaa kwa mtambo ambao haukujengwa. Hao hawakuwa wasiozaliwa. Walikuwa hai, wana majina na kodi ya nyumba. Ahadi ya muda mrefu, hata ikiwa imeelekezwa kwa vizazi vya mbali, hupitia mikononi mwa watu wa sasa, na kila kijana anayeiamini huweka rehani sehemu ya umri wake. Fedha za hazina huweza kupatikana tena. Umri wa mtu haurudi. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini anayemtandikia mwenzake msala na kumwita aje, naye ana sehemu yake ya lawama msala ukipita.

Kama ni hivyo, je, mradi ukishaanza usisimamishwe kamwe? Hapana, kwani kung'ang'ania nako ni dhulma. Tevatron yenyewe yatoa ushahidi. Mwaka 2010 wapo walioshauri iongezewe miaka mitatu, ili iendelee kuitafuta chembe ya Higgs, ilhali mtambo mpya na wenye nguvu zaidi ulikuwa umekwishaanza kazi huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mapema mwaka 2011 serikali ikajibu kwamba fedha hazikupatikana. Tarehe 30 Septemba 2011 Tevatron ikazimwa, na aliyebonyeza kitufe cha kuizima alikuwa Helen Edwards, mwanafizikia aliyeongoza kazi ya kuijenga. Mwezi wa Julai 2012 CERN wakatangaza kuiona chembe ya Higgs. Mtu anaweza kuusoma mwisho huo kama msiba. Walakini upo utukufu katika mkono ule ule uliowasha kupewa kazi ya kuzima, hadharani, kwa wakati unaojulikana, baada ya miaka 28 ya kazi. Kuna tofauti kubwa kati ya kufunga na kutelekeza. Anayefunga huhesabu, huaga, na huwaelekeza watu wake waendako. Anayetelekeza huwaacha gizani wajitafutie mlango.

Baada ya Tevatron, maabara ililazimika kujiuliza itakuwa nini katika nusu karne ijayo. Mwaka 2014 jopo la wanafizikia, lililopewa kazi ya kuyapanga mahitaji ya fani nzima kwa umuhimu wake, lilitoa mpango wa miaka kumi wenye mtazamo wa miaka ishirini. Jopo halikuruhusiwa kuota ndoto zisizo na mipaka. Lilipewa viwango vya fedha na kutakiwa kusema, kwa kila kiwango, lipi litafanywa na lipi litaachwa. Hilo ni zoezi la kimaadili kuliko linavyoonekana. Kutaja unachokitaka hakumgharimu mtu chochote. Kutaja mbele ya wenzako kitu chema ambacho hutakifanya, na ambacho wapo walioutoa umri wao kwa ajili yake, ndiko kunakoonesha kwamba mpango ni mpango na si orodha ya matamanio.

Katika yaliyochaguliwa, kubwa lilikuwa uchunguzi wa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji ya umeme, zinazopita katika miili ya watu, katika milima na katika dunia nzima karibu bila kugusa kitu. Mpango ni kutuma mwale wa nyutrino kutoka Illinois, chini kwa chini, kwa umbali wa kilomita 1,300 hadi mji wa Lead, katika jimbo la South Dakota, ambako vitambuzi vikubwa vilivyojaa agoni ya kimiminika vitazingojea, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi. Huenda chembe hizo zikasaidia kueleza kwa nini ulimwengu umebakia na maada, ilhali kwa hesabu za wanafizikia maada na kinyume chake vilipaswa kuangamizana hapo mwanzo. Uchimbaji wa mapango ya Lead ulikamilika mapema mwaka 2024, baada ya kutolewa karibu tani 800,000 za mwamba. Gharama kwa upande wa Marekani imepanda kutoka makisio ya kiasi cha bilioni moja na nusu hadi zaidi ya dola bilioni 3, na kazi iliyotazamiwa kuanza katikati ya miaka ya 2020 imesogea hadi miaka ya mwanzo ya 2030. Kijana aliyejiunga na mradi mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 23 atakuwa amekaribia arobaini kabla ya kuuona mwale wa kwanza. Wakati huo huo, China imeanza kukusanya takwimu katika mtambo wake wa JUNO tangu Agosti 2025, na Japani inajenga Hyper-Kamiokande, wenye swali linalokaribiana sana na hilo la Wamarekani.

Je, wengine wakilipata jibu kwanza, ahadi ya maabara itakuwa imevunjika? Anayedhani hivyo amechanganya elimu na milki. Aliyeahidi kisima ametimiza wajibu wake iwapo watu wamepata maji, hata kama jirani ndiye aliyetangulia kuyafikia. Tena, mgodi ule ule wa Lead umekwisha kutoa somo juu ya majibu yasiyopangwa. Humo ndimo Raymond Davis, tangu miaka ya 1960, alipohesabu nyutrino zitokazo juani, akapata kiasi cha thuluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Kwa miaka mingi wengi walidhani amekosea hesabu. Baadaye ilibainika kuwa nyutrino hubadilika sura njiani, na mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 88, Davis akapewa tuzo ya Nobel. Kilichompa haki ile ni subira ya kuendelea kuhesabu kile alichokiona, wala si alichotakiwa kukiona. Mpango waweza kumtayarishia mtu mahali na zana. Ugunduzi wenyewe haupangiki.

Lakini mgodi huo una historia nyingine, ambayo mwenye kuzungumzia ahadi za taifa hana ruhusa ya kuipita kimya. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliihifadhi milima ya Black Hills kwa ajili ya watu wa taifa la Sioux, ambao kwa Walakota miongoni mwao milima hiyo ni mitakatifu. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana. Mwaka 1876 mgodi wa Homestake, uliopo Lead, ukaanza. Na mwaka 1877 Bunge likaichukua ardhi. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1980, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walionyang'anywa wanastahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Wenyewe wameikataa fedha hiyo, kwani wanachodai ni ardhi. Hapa basi mdai yupo, anajulikana, na sauti yake inasikika. Wanafizikia wanaoteremka leo katika shimo lile hawakuuvunja mkataba wa 1868. Lakini taifa linalotaka kuaminiwa juu ya ahadi ya miaka thelathini ijayo haliwezi kujifanya limesahau ahadi yake ya zamani, khasa inapokuwa ahadi mpya inajengwa ndani ya shimo lililochimbwa kwa kuivunja ile ya kwanza. Anayewafikiria sana wasiozaliwa huku akiwapita waliosimama mlangoni ameipenda kesho kwa sababu kesho haina mdomo.

Hoja hiyo hiyo ndiyo inayowapa nguvu wanaouliza kwa nini mabilioni yamwagwe chini ya ardhi ilhali wapo wagonjwa na wenye njaa juu yake. Jibu la Wilson halitoshi kuwanyamazisha, wala halikukusudiwa hivyo. Nchi inayostahili kulindwa ni ile yenye washairi na wanafizikia, lakini pia ni ile isiyomwacha mtoto wake alale na njaa, na hakuna la kwanza linaloweza kutolewa udhuru wa la pili. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba maslahi ya leo yana watetezi wengi, nayo ya kesho ni machache yanayotetewa. Na kwamba taifa lisilojiuliza lolote zaidi ya mahitaji ya mwaka huu litajikuta kila mwaka linaanza upya. Haja ni kipimo, na kipimo hakipatikani ila kwa hesabu za kweli zilizowekwa mezani mbele ya wote.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1970 mwanabayolojia Robert Betz alimwendea Wilson na rai ya kurudisha nyasi za asili za Illinois ndani ya uwanja uliozungukwa na ule mtambo wa duara. Alipoulizwa itachukua muda gani, Betz alikiri kwamba huenda ikachukua miaka ishirini, pengine na zaidi. Wilson akasema kwamba ikiwa ni hivyo, heri waanze alasiri ile ile. Kazi ilianza mwaka 1975, na nyasi zipo hadi leo. Urefu wa muda, ambao kwa wengi ni sababu ya kuahirisha, kwake ulikuwa sababu ya kutochelewa. Na Betz hakupunguza miaka ili apendeze. Alitaja idadi aliyoiamini, na akapewa ruhusa kwa idadi hiyo.

Ahadi kwa wasiokuwapo, basi, haikosi mdai. Inao wengi: kijana aliyeiwekea umri wake rehani, mlipa kodi aliyeambiwa bei, mwenye ardhi aliyepitwa, na mrithi ambaye siku moja atafungua madaftari. Wote hao wanadai kitu kimoja kabla ya kudai matokeo, nacho ni ukweli. Mpango mrefu hauwi wa haki kwa kutimia, kwani kutimia kumo katika mikono ya wengine. Unakuwa wa haki iwapo umetaja nia yake bila hila na gharama yake bila kupunguza, na iwapo umewaachia warithi nafasi ya kuendelea, ya kugeuza, au ya kufunga kwa heshima. Watakaousoma mwale wa kwanza huko Lead hawataweza kuwauliza wazee wote walioupanga walikuwa na makusudi gani. Watakuwa na handaki, na hesabu zilizoandikwa, na hiari yao wenyewe. Kwa vitu hivyo ndivyo watakavyojua kama waliahidiwa au walifungwa.